Mtoto Wako ni Kipa wa Hoki? Soma Hili Kabla ya Kununua Kinga ya Kifua

Leo sukari na presha tuziweke kando. Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinishika mkono baada ya harusi akaniambia: "Dada nesi, mwanangu kachaguliwa kuwa kipa wa hoki ya barafuni. Nimeenda dukani kutazama ile kinga ya kifua na mikono, bei yake nimetoka mbio. Ninunue mtumba?"

Nilimjibu kwamba mtumba hauna ubaya wowote. Ubaya uko kwenye saizi, na hapo lazima niungame. Mwanangu alipoanza kudaka nilimnunulia kinga kubwa kwa hesabu zetu zile za sare ya shule: atakua nayo. Akipiga magoti golini kinga ilikuwa inapanda mpaka kidevuni na kuacha nafasi begani. Siku moja mazoezini paki ikapita hapo hapo. Mtulinga ukapata ufa. Nimekuwa muuguzi zaidi ya miaka ishirini, nyumbani na huku, lakini usiku ule nilikaa upande wa wagonjwa na aibu yangu.

Kwa msioujua mchezo huu, paki ni kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa kama gramu 160. Kipa kazi yake ni kujiweka mbele yake makusudi. Kwa hiyo kinga inatakiwa kufunika mitulinga yote miwili, kidari, mbavu za mbele na za ubavuni, tumbo, na mikono mpaka kwenye kifundo. Mgongo haufunikwi sana, usishangae.

Kabla ya kwenda dukani, chukua futi ya fundi cherehani. Mpime mtoto akiwa na fulana nyepesi: mzunguko wa kifua chini ya kwapa, urefu wake wote, na urefu wa mkono toka bega mpaka kifundo. Andika. Saizi za kampuni moja si sawa na za nyingine, kwa hiyo vipimo hivyo ni vya kuanzia tu. Mbebe mtoto pamoja na suruali yake ya kipa, glavu zote mbili na helmeti, kwa sababu kinga hujaribiwa na vifaa vyote vikiwa mwilini. Ikimkaa vizuri akiwa na fulana peke yake, bado hujajua kitu.

Akishavaa, mwambie ainame kama anasubiri shuti, kisha apige magoti. Kinga ikisukuma helmeti au kugusa koo, ni kubwa. Mwambie anyooshe mikono juu: tumbo likionekana kati ya kinga na suruali, ni fupi au mikanda imelegea. Kinga na suruali lazima vipandane, iwe ameichomeka ndani au ameiacha nje. Mwambie akutanishe mikono mbele ya kifua. Asipoweza hatadaka kitu, na mtoto asiyeweza kusogea huumia vile vile. Kikombe cha kiwiko kikae juu ya kiwiko chenyewe. Kati ya mwisho wa mkono wa kinga na glavu isibaki ngozi wazi. Mwisho weka kidole chako kwenye mtulinga wake. Ukiugusa bila kuzuiwa na sponji, basi hata paki itaugusa.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi sana: kinga za watoto wadogo zimetengenezwa kwa mashuti ya watoto wadogo. Kijana wa miaka 14 mwenye umbo dogo anaweza kuenea kwenye kinga ya mtoto wa miaka 9, lakini anaopambana nao wana nguvu za utu uzima. Usitazame mwili wake tu, tazama na wanaompigia.

Sasa mtumba. Muulize mwenye nayo ilichezewa misimu mingapi na ya umri gani. Bonyeza sponji kwa kidole gumba, hasa kifuani: isiporudi juu imekufa. Kunja plastiki kidogo utafute nyufa nyeupe. Vuta mikanda, iliyolegea hubadilishwa kwa pesa kidogo, lakini sponji iliyokufa haina dawa. Harufu ya jasho si kitu, ila ukungu na madoa meusi USICHUKUE. Vifaa vyenye unyevu hubeba vijidudu vya majipu, nami nimeyaona mengi kwa wachezaji. Kila baada ya mchezo itundike mahali penye hewa, si ndani ya begi kwenye gari, wala usiiweke kwenye mashine ya kukaushia kwa moto. Na kabla hujatoa hata senti, uliza klabu: nyingi huazimisha vifaa vya kipa kwa watoto wanaoanza.

Kuna jambo moja ambalo kinga hata mpya kabisa haliahidi kulizuia. Pigo la kifuani likitua juu ya moyo katika sekunde ndogo sana ya mapigo yake, moyo unaweza kuvurugika na mtoto akaanguka, hata bila mfupa kuvunjika. Ndilo lililompata Damar Hamlin, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, kule Cincinnati tarehe 2 Januari 2023. Alipona kwa sababu alihudumiwa pale pale uwanjani. Vijana wako hatarini zaidi kwa kuwa kifua chao bado laini. Kipo kipimo cha kinga za namna hii, NOCSAE ND200, kilichowekwa kwa ajili ya besiboli na lakrosi. Usidhani kinga ya hoki imekipita mpaka lebo yake iseme.

Kwa hiyo siku ya kwanza uwanjani, kabla ya kutafuta pa kununua chai, tafuta kisanduku cha ukutani kilichoandikwa AED, ile mashine ya kushtua moyo. Muulize kocha nani anajua kuitumia. Mtoto akipigwa kifuani akaanguka, haitiki wala hapumui sawasawa, mmoja apige 911, mwingine akimbilie mashine, na wewe anza kukandamiza katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama kinga inazuia, fungua mikanda au ikate. Mashine ikifika itakuambia yenyewe la kufanya.

Yule mama alipata mtumba wa misimu miwili, akaja nao kwangu na mtoto. Tulimvalisha vyote sebuleni. Mikono ilikuwa mirefu kidogo, tukafupisha kwa mikanda yake. Mtulinga sikuugusa.