Tembeeni na Watoto Wenu

Wapendwa wanandoa, hebu jiulizeni: ni lini mara ya mwisho mlipotoka nyumbani nyote wawili pamoja na watoto, na safari haikuwa ya mazishi, ya hospitali wala ya soko? Katika mafundisho ya ndoa nimewauliza wengi swali hili. Mara nyingi mke humtazama mume, na mume hutazama dari.

Watoto wengi humjua baba kama mtu wa karo na wa kukemea. Anaondoka hawajaamka, anarudi wamelala. Mama yuko nao kutwa, lakini yuko pia na sufuria, nguo na shamba. Saa moja ya matembezi siku ya Jumapili, baada ya Misa na chakula, jua likishapungua makali, huwapa watoto wazazi wote wawili kwa wakati mmoja. Wala haihitaji nauli.

Mwendo uwe wa mtoto. Mtoto wa miaka minne hana haraka ya kufika. Anataka kuona siafu wakivuka njia, kinyonga juu ya kichaka, na mawe ya kurusha mtoni. Mzazi anayesema "twende, twende" kila baada ya hatua mbili amegeuza matembezi kuwa safari ya shule. Simameni. Wakati watoto wameinama kumtazama mdudu, ninyi mna dakika tano za kuzungumza bila kukatizwa, jambo ambalo ni adimu katika nyumba ya vyumba viwili. Tena kuna maneno magumu ambayo hutoka kwa urahisi zaidi watu wakitembea bega kwa bega kuliko wakitazamana mezani. Ila madeni na maneno ya wakwe yasubiri. Watoto wana masikio.

Ndugu mume, huenda wenzako wakakuona umembeba mtoto mgongoni wakasema umekaliwa na mke. Waache waseme. Mtoto akichoka njiani, wewe ndiwe mwenye mabega.

Kama mna baiskeli, mchukueni mdogo nayo, lakini kwa uangalifu. Ajali inayojulikana sana ni mguu wa mtoto kunaswa katika spoki za gurudumu la nyuma, na huweza kuvunja mfupa. Fungeni ubao au kizuizi kingine kigumu pande zote mbili za gurudumu, muweke na mahali pa kukanyagia. Mtoto avae viatu, na kofia ngumu ikipatikana. Leso isiachwe ikining'inia, kwani hushikwa na cheni. Asiyeweza kukaa mwenyewe akiwa imara hajafikia umri wa kubebwa kwenye baiskeli. Jaribuni breki kabla ya kutoka, na barabara kuu iepukeni kabisa. Matatu hazingoji mtu.

Walio Nairobi wanao Msitu wa Karura, ambako Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakipinga ardhi yake kugawanywa. Leo familia huingia kwa kulipa kiingilio, hutembea hadi kwenye maporomoko ya maji, na baiskeli hukodishwa humo humo. Karibu na Naivasha iko Hell's Gate, hifadhi tangu 1984, mojawapo ya chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli. Watoto huona pundamilia na twiga bila kioo cha gari mbele yao. Kaeni mbali na nyati. Na lile korongo msishuke wakati wa mvua, hata kama mvua inanyesha mbali, kwa maana maji huja ghafla: mafuriko yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019.

Neno moja bado. Ikiwa mama ndiye atakayepika kabla, kuwavisha watoto, kubeba maji, kisha arudi kuwasha moto huku wengine wamekaa, hayo si matembezi kwake, ni kazi nyingine imeongezwa. Baba apige upepo magurudumu na ajaze chupa za maji. Mkirudi, kabla giza halijaingia, yeye ndiye awaoshe watoto miguu, na chakula cha jioni kiwe viazi vilivyochemshwa tangu mchana.