Akiolojia na Ulimwengu wa Biblia: Somo Juu ya Mwaka 701 K.K.

Mwalimu wa Maarifa ya Biblia hawezi kulikwepa kwa muda mrefu swali hili la mwanafunzi: Je, wachimbaji wa mambo ya kale wamethibitisha kwamba Biblia ni kweli? Swali ni la haki, na lastahili jibu la haki. Lakini tumeona mara nyingi, tunapowasikiliza wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, kwamba jibu hutolewa kwa haraka mno. Mmoja husema ndiyo, akataja Yeriko. Mwingine husema sivyo, naye akataja Yeriko hiyo hiyo.

Yafaa tueleze kwa kifupi jinsi jambo hilo lilivyotokea. Kati ya mwaka 1930 na 1936 Mwingereza John Garstang alichimba Yeriko, akatangaza kuwa amezikuta kuta zilizoanguka wakati wa Yoshua. Habari hiyo ilienea upesi katika vitabu vya dini. Kathleen Kenyon alipochimba mahali pale pale kati ya mwaka 1952 na 1958, akichunguza tabaka moja baada ya jingine, alionyesha kuwa kuta zile zilikuwa za kale zaidi kwa muda wa takriban miaka elfu moja. Mwalimu aliyekuwa ameijenga hoja yake yote juu ya kuta hizo alijikuta hana la kusema. Hasara hiyo si ndogo darasani, kwa maana mwanafunzi akishaona kwamba mwalimu amedai zaidi ya ushahidi alio nao, huyatilia shaka hata yale yaliyo thabiti.

Kwa hiyo twapendekeza mwalimu asianze na Yeriko. Aanze na tukio ambalo mashahidi wake ni wengi na wametoka pande zote mbili za vita. Tukio hilo ni kuvamiwa kwa Yuda na Senakeribu, mfalme wa Ashuru, katika mwaka wa 701 K.K., siku za mfalme Hezekia. Vipindi vitatu vyatosha.

Kabla ya yote, wanafunzi waelewe kilima cha magofu ni kitu gani. Katika nchi zile nyumba nyingi zilijengwa kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Mji ulipoteketezwa au nyumba zilipoanguka, watu walisawazisha kifusi wakajenga juu yake, na kwa karne nyingi kilima kikainuka. Jalala lililo nyuma ya shule litamfaa mwalimu kuliko picha yoyote. Wanafunzi wachimbe upande mmoja kwa uangalifu, waone kilichotupwa mwaka huu kikiwa juu na cha zamani kikiwa chini. Kisha mwalimu awaulize: je, kama mtu alichimba shimo hapa mwaka jana, akazika kopo jipya kati ya takataka za kale? Atakayejibu swali hilo amekwisha kuelewa nusu ya matatizo ya mchimbaji.

Sasa waitwe mashahidi, kama wanavyoitwa barazani. Darasa ligawanywe makundi manne, kila kundi likabidhiwe shahidi mmoja na kumsemea.

Shahidi wa kwanza ni Biblia yenyewe, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18 na ya 19. Humo twasoma kwamba Senakeribu aliitwaa miji ya Yuda yenye maboma, kwamba Hezekia alitoa kodi ya talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu, na kwamba Yerusalemu haukutekwa.

Shahidi wa pili ni Senakeribu mwenyewe. Habari za vita vyake ziliandikwa kwa herufi zenye umbo la kabari juu ya vipande vya udongo vyenye pande sita. Kimoja kati ya hivyo kilipatikana Ninawi mwaka 1830, nacho kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Mfalme ajisifu kwamba aliteka miji 46 yenye kuta, akatoa humo watu 200,150, na kumfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu kama ndege katika tundu. Kodi aitajayo ni talanta 30 za dhahabu na 800 za fedha.

Hapa mwalimu asiwe na haraka ya kueleza. Awaache wanafunzi waziweke hesabu hizo mbili ubaoni. Dhahabu yalingana, fedha hailingani. Je, mwandishi mmoja alikosea? Je, mfalme aliongeza ili kujitukuza, au kila upande ulikuwa na namna yake ya kuhesabu? Kisha waulizwe ni neno gani ambalo Senakeribu hakulisema. Mtu aliyeteka miji 46 na kuihesabu kwa majivuno hasemi popote kwamba alitia mguu Yerusalemu. Ndege alikuwa tunduni, lakini tundu halikufunguliwa. Kwa maoni yetu kimya hicho ndicho sehemu yenye uzito kuliko zote katika ushahidi wake, kwa sababu ni jambo ambalo hakupenda kulikiri.

Shahidi wa tatu ni mabamba ya mawe yaliyochongwa, ambayo Austen Henry Layard aliyafukua katika jumba la Senakeribu huko Ninawi kuanzia mwaka 1847. Yaonyesha kutekwa kwa mji wa Lakishi, uliokuwa mkubwa katika Yuda baada ya Yerusalemu. Askari wapanda mteremko ulioegemezwa ukutani, mitambo ya kubomolea yasukumwa juu, mienge yarushwa kutoka minarani. Pembeni mateka watoka langoni: wanawake, watoto juu ya magari ya ng'ombe, mizigo mabegani. Wengine wateswa mbele ya mfalme aliyeketi katika kiti cha enzi. Mwalimu akipata nakala ya picha hizo asiwaonyeshe wanafunzi askari peke yao. Neno "uhamisho", ambalo mtoto hulisoma katika Biblia kana kwamba ni jina tu la kipindi fulani, hapa lina sura za watu na magunia yao.

Shahidi wa nne ni ardhi ya Lakishi. Kilima chake kilichimbwa na James Starkey kati ya mwaka 1932 na 1938, na tena na David Ussishkin kuanzia mwaka 1973. Palionekana tabaka la mji ulioteketea, na katika pembe ya kusini-magharibi mteremko wa mawe wa Waashuri ukiwa bado umelalia kilima, pamoja na vyembe vya mishale na mawe ya kombeo. Ndani ya ukuta wenyeji walikuwa wamejaza udongo upande wao, wakijitahidi kuzuia ukuta usivunjike. Jambo hilo halimo katika Biblia wala katika majivuno ya mfalme. Ni ardhi peke yake iliyolihifadhi.

Lakini hata shahidi huyu huhitaji mkalimani. Starkey alidhani kwamba tabaka hilo liliteketea karibu na mwaka 597 K.K., wakati wa Wababeli. Mwenzake Olga Tufnell, kwa kuvilinganisha vigae vya tabaka hilo na vya lile lililo juu yake, alishikilia kuwa ni mwaka 701. Uchimbaji wa Ussishkin ulimpa Tufnell haki. Vigae vilikuwa vile vile, na hukumu mbili ziliachana kwa miaka mia moja.

Kipindi cha tatu kiwe cha mfereji wa Siloamu. Biblia yasema kwamba Hezekia alitengeneza mfereji akaleta maji mjini. Chini ya Yerusalemu umo mfereji uliochongwa katika mwamba, wenye urefu wa meta 533, na mwaka 1880 vijana waliokuwa wakicheza majini waliona maandishi ya Kiebrania ukutani. Maandishi hayo, ambayo sasa yako Istanbul, yasimulia jinsi makundi mawili ya wachongaji yalivyoanza kutoka pande mbili, yakasikia sauti za wenzao ndani ya mwamba, hatimaye yakakutana shoka kwa shoka, na maji yakapita dhiraa 1,200. Mfalme hatajwi hata mara moja. Ni umbo la herufi, na vipimo vya mimea na mawe ya mfereji vilivyotangazwa mwaka 2003, vilivyowafanya wataalamu wauhesabu kuwa wa karibu na mwaka 700 K.K.

Zoezi ni jepesi na halihitaji kifaa. Wanafunzi wagawanye meta 533 kwa 1,200. Watapata sentimeta 44 na ushei. Kisha kila mmoja ajipime kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kipimo ambacho wazee wetu walikitumia kwa kitambaa, na matokeo yaandikwe ubaoni.

Lile swali la kwanza litarudi, hasa juu ya malaika na jeshi la watu 185,000. Mwalimu ajibu waziwazi kwamba jembe laweza kutoa ukuta, mshale na jivu, nayo yamepatikana; lakini kwa nini Senakeribu aligeuka akarudi Ninawi, hakuna kigae kinachoweza kusema. Anayeamini ataamini kwa sababu nyingine, na asiyeamini vivyo hivyo. Katika mtihani swali na liulizwe hivi: "Taja jambo moja ambalo kila shahidi alikuwa na nafasi ya kulijua, na moja ambalo hakuweza kulijua." Twashauri alama nyingi zitolewe kwa sehemu ya pili.