Sauti Kavu na Sauti yenye Mwangwi: Jinsi Santuri ya Kwanza ya Queen Ilivyotengenezwa Upya

Sauti ni mtetemo wa hewa, nayo hupita. Kilichosikika saa hii hakipo tena saa ijayo, isipokuwa kipatikane chombo cha kuuandika mtetemo huo juu ya kitu kisichopita upesi. Santuri, ukanda wa sumaku na kumbukumbu ya kompyuta ni namna tatu za uandishi huo. Katika makala haya tutachunguza jambo linalowatatiza wasikilizaji wengi: inapotangazwa kwamba santuri ya zamani imetengenezwa upya, ni kitu gani hasa kilichofanyiwa kazi? Je, sauti iliyokuwamo imesafishwa tu, au pametiwa sauti nyingine mahali pake? Mfano wetu utakuwa santuri ya kwanza ya bendi ya Uingereza iitwayo Queen. Santuri hiyo ilitolewa tarehe 13 Julai 1973, ikatolewa tena tarehe 25 Oktoba 2024 kwa jina la Queen I.

Mfano huu haukuchaguliwa kwa bahati. Mwimbaji wa bendi hiyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake likiwa Farrokh Bulsara, na jamaa zake walihamia Uingereza mwaka 1964. Aidha, bendi yenyewe ilikuwa nusu maabara. Mpiga gitaa Brian May alisoma fizikia katika Chuo cha Imperial, London, akapata shahada ya uzamivu ya elimu ya nyota mwaka 2007, baada ya kuiacha kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Gitaa lake alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, na shingo yake ilichongwa kutoka mbao za jiko kuukuu la kuotea moto. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alisomea elektroniki. Watu wa namna hiyo hawawi wepesi kuridhika na mlio usiowapendeza, nao hawakuridhika.

Kwanza yatupasa tutenganishe kazi mbili ambazo matangazo ya biashara huzichanganya. Santuri hii ilirekodiwa kwa sehemu kubwa mwaka 1972 katika studio za Trident, mtaa wa Soho, London, aghalabu saa ambazo studio haikuwa na wateja wengine. Chombo kilichotumika kilikuwa kinasa sauti chenye mikondo 16. Maana yake ni kwamba utepe wenye upana wa inchi 2, yaani sentimita 5 hivi, uligawanywa katika njia 16 zinazokwenda sambamba, kila moja ikiwa na upana usiofika milimita 2. Njia moja huchukua sauti ya mwimbaji, nyingine gitaa, nyingine ngoma, na kadhalika. Utepe huo si muziki bado. Ni mali ghafi. Fundi huziunganisha njia zote kuwa mbili tu, ya kushoto na ya kulia, huku akiamua ipi ipazwe na ipi ishushwe. Kazi hiyo ni kuchanganya. Matokeo yake ndiyo kanda mama.

Kazi ya pili hufuata hapo. Kanda mama huandaliwa ili iweze kuingia katika chombo kitakachomfikia msikilizaji. Mwaka 1973 chombo hicho kilikuwa santuri ya plastiki, na santuri ina masharti yake. Mlio mzito huifanya sindano iyumbe sana, hivyo mfereo hudai nafasi kubwa. Mlio mwembamba nao huandika mikunjo midogo inayomezwa na kelele ya plastiki. Kwa sababu hiyo milio mizito hupunguzwa wakati wa kuchonga, na ile myembamba huongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa na viwanda vyote: karibu desibeli 20 chini kwenye mitetemo 20 kwa sekunde, na karibu desibeli 20 juu kwenye mitetemo 20,000. Kipaza sauti cha nyumbani hurudisha mambo kinyume. Hata hivyo fundi hulazimika kupunguza hapa na pale ili sindano isiruke. Anayeandaa upya kanda mama kwa ajili ya kompyuta hana haja ya kupunguza huko. Hiyo ndiyo kazi iliyofanywa mwaka 2011, albamu za Queen zilipotolewa upya: mchanganyiko ulibaki uleule wa 1973, yakabadilika maandalizi tu.

Toleo la 2024 ni jambo jingine kabisa. Hapo mafundi Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson waliirudia mali ghafi yenyewe, ule utepe wa mikondo 16, wakachanganya upya tangu mwanzo. Brian May ameeleza kwamba upigaji na uimbaji wote ni ule wa 1973. Kilichoshughulikiwa ni mlio wa kila ala. Ala iliyohitaji kazi kubwa zaidi ni ngoma.

Habari ya ngoma hizo yafaa ielezwe kwa makini, kwa kuwa ndiyo kiini cha somo letu. Desturi ya Trident wakati huo ilikuwa kumweka mpiga ngoma ndani ya kibanda kidogo kilichozungushiwa vitu vinavyofyonza sauti, na ngozi za ngoma kubandikwa utepe wa gundi ili zisivume. Roger Taylor alitaka ngoma zake zisikike kama zinapigwa katika ukumbi. Alichopata ni mlio mfupi, mkavu, kama mtu agongaye sanduku lililojaa nguo.

Mwanafizikia wa Marekani Wallace Clement Sabine, wa Chuo Kikuu cha Harvard, alionyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba muda wa mwangwi kufifia hutegemea mambo mawili: ujazo wa chumba na uwezo wa kuta zake kufyonza sauti. Twaweza kuandika kwamba muda huo, kwa sekunde, ni 0.161 mara ujazo kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji kwa mita za mraba. Tukadirie kibanda chenye urefu wa mita 2, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2.5. Ujazo wake ni mita 10 za ujazo, na eneo la kuta, sakafu na dari ni mita 28 za mraba. Ikiwa vitu vilivyokizunguka hufyonza asilimia 70 ya sauti, jumla ya ufyonzaji ni 19.6, na muda wa mwangwi unatoka 0.08 ya sekunde. (Kwa hakika kanuni ya Sabine hulegea pale ufyonzaji unapozidi hivi, na muda wa kweli huwa mfupi zaidi.) Sasa tukadirie ukumbi wa mita 20 kwa 15, kimo mita 8, wenye kufyonza robo tu ya sauti. Ujazo ni 2,400, eneo 1,160, ufyonzaji 290, na muda wa mwangwi ni sekunde 1.3. Ngoma ni ileile, mkono ni uleule. Sikio lasikia vitu viwili mbalimbali.

Ndani ya santuri hiyo hiyo mna jaribio ambalo mwalimu yeyote wa sayansi angelitamani. Mwaka 1971, kabla ya Trident, bendi ilikuwa imerekodi nyimbo 5 za majaribio katika studio za De Lane Lea, ambako vyumba vipya vilikuwa vikipimwa na walihitajika watu wa kupiga kelele humo. Bendi iliupenda zaidi mlio wa huko. Hatimaye wimbo mmoja, The Night Comes Down, uliingizwa katika santuri kutoka kwenye utepe wa De Lane Lea. Kwa hiyo msikilizaji wa 1973 alikuwa na wapigaji walewale na ngoma za mtu yuleyule, ila chumba tofauti. Tofauti husikika hata kwa spika duni.

Je, mwangwi ambao haukuwapo mwaka 1972 waweza kutiwa mwaka 2024? Waweza, na njia mojawapo ijulikanayo ni hii. Katika ukumbi mzuri hupigwa mshindo mmoja mfupi sana, kisha hurekodiwa jinsi ukumbi unavyoujibu hadi kimya kirudi. Jibu hilo ni saini ya ukumbi. Sauti kavu nayo hukatwakatwa kuwa namba, 44,100 kwa kila sekunde. Kila namba huzaa nakala moja ya saini, kubwa au ndogo kwa kadiri ya namba yenyewe, na nakala zote hujumlishwa. Saini ya sekunde 1.3 ina namba 57,330. Hivyo sekunde moja ya ngoma hudai mazidisho zaidi ya bilioni 2.5. Njia ya mkato iliyotangazwa na Cooley na Tukey mwaka 1965, itokanayo na hesabu za Mfaransa Fourier, hupunguza kazi hiyo kiasi kwamba kompyuta ndogo huimaliza huku muziki ukiendelea.

Lakini tukigeuza swali, mambo hubadilika. Tuseme ngoma zilirekodiwa ukumbini na mwangwi wote umo ndani yake, nasi twataka kuuondoa. Kihesabu ni kugawanya pale tulipozidisha. Tatizo ni kwamba kila ukumbi una milio ambayo karibu huiua kabisa, na katika milio hiyo saini yake hukaribia sifuri. Kugawanya kwa namba inayokaribia sifuri hukuza kila kitu kilichopo, na kilichopo hapo ni kelele ya utepe. Ni sawa na chai: sukari hutiwa kwa kijiko, lakini hakuna kijiko cha kuitoa. Basi lile kosa la Trident, lililowaudhi vijana wale mwaka 1972, ndilo lililowawezesha mafundi kufanya kazi yao baada ya miaka 52. Laiti ngoma zingerekodiwa na mwangwi wa chumba kibaya, wangebaki nao.

Juu ya kelele yenyewe tusikawie. Utepe wa zama zile ulikuwa na nafasi ya desibeli 60 hadi 70 hivi kati ya kelele ya chini na sauti ya juu kabisa. Namba za biti 16, zenye ngazi 65,536, hutoa nafasi ya desibeli 96, na zile za biti 24 huzidi hapo kwa mbali. Kwa hiyo kuongeza biti hakuongezi kitu ambacho utepe haukukishika. Mtangazaji anayedai kwamba biti nyingi zimefufua sauti zilizopotea anauza upepo.

Swali la uaminifu ni zito zaidi, na mimi sikubaliani moja kwa moja na upande wowote. Toleo jipya limerudisha pia wimbo Mad the Swine, uliokuwa umeachwa mwaka 1973 na kutolewa pembeni mwaka 1991. Kwa hiyo mpangilio wa nyimbo si ule waliousikia watu wa wakati huo, wala mlio wa ngoma si ule. Mtafiti wa historia akitumia toleo la 2024 kama ushahidi wa jinsi Queen walivyosikika mwaka 1973, atakosea. Kwa upande mwingine, utepe wa mikondo 16 ni takwimu, na kila mchanganyiko ni fasiri ya takwimu hizo. Wala hakuna sheria ya sayansi isemayo kwamba fasiri ya kwanza ndiyo ya mwisho. Sharti ni moja: fasiri ya zamani ibaki ikipatikana, na mpya isijivike jina la zamani. Kubadilisha jina kuwa Queen I kulisaidia hapo, japo kidogo. Nionavyo mimi, sanduku la toleo jipya lenye diski 6 lingekuwa kamili zaidi kama mchanganyiko wa 1973 ungewekwa humo kando ya ule mpya.

Takwimu hizo haziwezi kukusanywa tena. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na Deacon aliacha muziki mwishoni mwa miaka ya 1990. Koo lile la mwaka 1972 limo katika vumbi la oksidi ya chuma lililogandishwa juu ya plastiki, na gundi ya vumbi hilo si ya milele. Aina fulani za utepe zilizotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1970 zina gundi inayofyonza unyevu wa hewa na kuvunjika, hata utepe hunata kwenye kichwa cha chombo na kuacha tope la kahawia. Tiba yake ni kuuoka kwa joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa nyingi, na hata hivyo nafuu hudumu majuma machache tu, muda wa kunakili. Katika pwani yetu, ambako unyevu ni mwingi mwaka mzima, jambo hili halihusu wageni peke yao. Redio za taifa za Afrika Mashariki zilirekodi bendi za dansi na vikundi vya taarabu juu ya utepe wa namna hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba aghalabu kilichohifadhiwa kwetu ni kanda mama tu, tena mara nyingi ya mkondo mmoja, ikiwa na mwangwi wa chumba ndani yake. Hapo hakuna cha kuchanganya upya. Kuna kunakili mapema, kwa namba za kutosha, kabla utepe haujaanza kunata.

Msomaji apendaye kujipima na asikilize The Night Comes Down katika toleo la 2011, kisha wimbo wowote wa Trident ulio katika toleo hilo hilo, akizingatia ngoma peke yake, hasa kile kimya kifuatacho kila pigo. Kisha arudie jozi hiyo hiyo katika toleo la 2024. Kwa saa yenye kuhesabu sehemu za sekunde, au kwa programu yoyote ya kompyuta inayochora wimbi la sauti, ataweza kukadiria muda wa mkia wa kila pigo na kuulinganisha na hesabu tulizofanya hapo juu.