Tuta Moja, Ndoo Moja: Somo la Bustani ya Mboga Mwanzoni mwa Kiangazi

Mvua za masika zinapokoma katika nchi ya Mwanza, kwa kawaida mwishoni mwa mwezi wa Mei, mabadiliko huonekana upesi. Nyasi za vilimani hugeuka rangi, vumbi huinuka barabarani, na mboga zilizojiotea pembeni mwa mashamba, kama vile mgagani na mlenda, hunyauka. Tangu hapo hata mwezi wa Septemba mvua ni haba, mpaka vuli ianze kunyesha mwezi wa Oktoba. Hii ndiyo miezi ambayo nyumba nyingi zina chakula ghalani, kwa kuwa mavuno ni mapya, na hata hivyo watoto hula vibaya. Ugali upo, mboga haipo, au ipo sokoni kwa mwenye fedha.

Jambo hili humshangaza mtu atazamaye ramani. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 68,000, nalo li mlangoni petu. Yawezekanaje mtu aone maji tangu asubuhi hata jioni, na bustani yake ikauke? Aulizaye hivyo hajapata kubeba ndoo. Abebaye ndoo ajua ya kuwa maji ya ziwa si maji ya bustani mpaka yamefikishwa bustanini, nayo mara nyingi hufikishwa juu ya kichwa cha mama au cha mtoto. Basi, somo letu la leo lina neno moja la msingi: bustani ya kiangazi haipimwi kwa ukubwa wa kiwanja, bali kwa hesabu ya ndoo.

HESABU YENYEWE

Katika jua la kiangazi cha huku, udongo wenye mboga hupoteza kila siku kadiri ya lita 4 au 5 za maji katika kila mita moja ya mraba. Chukueni tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 4. Eneo lake ni mita za mraba 4, na maji yake ya siku ni lita 16 hadi 20. Ndoo ya kawaida huchukua lita 20. Kwa hiyo twapata kanuni ambayo hata mtoto wa darasa la pili aweza kuikumbuka: tuta moja, ndoo moja, kila siku.

Kabla ya kushika jembe, mwenye nyumba ajiulize: Mbali na maji ya kunywa, ya kupikia na ya kuoga, ni ndoo ngapi zaweza kupatikana kila siku, pasipo kumchelewesha mtoto shuleni wala kumvunja mama mgongo? Zikiwa 3, alime matuta 3.

Wengi hufanya kinyume. Mwezi wa Juni, udongo ungali na unyevu na moyo ungali na bidii, hulima matuta 10. Juma la kwanza kazi ni furaha. Juma la tatu udongo umekauka, na matuta 10 yadai lita 200 kwa siku. Hapo mtu huanza kunyunyiza juu juu, ili kila tuta lipate robo ya haki yake. Mizizi hubaki karibu na uso wa udongo ikifuata unyevu ule mdogo, jua la saa saba huiunguza, na kabla Julai haijaisha matuta yote 10 yamekufa pamoja. Naye husema, "Udongo huu haufai kwa mboga." Walakini udongo hauna kosa. Matuta 3 yaliyoshiba maji huitilia nyumba mboga. Matuta 10 yenye kiu hayamshibishi hata kuku.

KUUTAYARISHA UDONGO

Udongo wa miinuko ya Usukuma, ule ambao wenyeji huuita luseni, ni wa mchanga. Umetokana na mawe ya matale, yale makubwa yaonekanayo kila upande wa mji wa Mwanza. Hulimika kwa urahisi, lakini haushiki maji wala rutuba. Dawa yake ni samadi.

Jirani zetu Wakara, wa kisiwa cha Ukara kilicho kaskazini ya Ukerewe, walilijua jambo hili tangu zamani bila kufundishwa na bwana shamba. Kisiwa chao ni kidogo na watu ni wengi. Wataalamu wa kilimo walioandika habari zao katika miaka ya 1930 walistaajabu kuona jinsi walivyofuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakiwakatia majani na kuwaletea, ili samadi yote ikusanywe na kupelekwa shambani. Tena walipanda marejea kati ya uwele wao, wakayafukia ardhini yawe mbolea. Watu wale hawakuwa na nchi ya kuhamia udongo ukichoka. Iliwabidi kuulisha udongo uleule. Mwenye kiwanja kidogo mjini yu katika hali hiyohiyo.

Lakini mwenye tuta la mita 4 hahitaji zizi. Debe moja la samadi kwa kila mita ya mraba latosha, likichanganywa na udongo kwa kina cha jembe. Samadi hiyo sharti iwe imeoza, kwa maana samadi mbichi huunguza miche. Ikae kwenye lundo miezi 2 au 3, mpaka isiwe na joto wala harufu kali. Asiye na ng'ombe atumie samadi ya mbuzi au ya kuku, pamoja na maganda na majani ya jikoni yaliyooza.

Wakati wa masika tuta huinuliwa ili maji yasituame. Wakati wa kiangazi tufanye kinyume: tuta lishushwe, liwe chini ya njia kwa sentimita 10 hivi, lenye kingo pande zote, ili maji yasitoroke. Miche ikisimama imara, udongo ulio kati yake ufunikwe kwa nyasi kavu zisizo na mbegu. Nyasi hizo ni kivuli cha udongo, nazo huokoa maji mengi. Kumwagilia ni jioni jua likipungua, au asubuhi na mapema, tena chini kwenye mashina.

Mtu atauliza: Je, sisi tukaao juu ya mawe, ambao mbele ya mlango wetu hapana hata hatua mbili za udongo? Jibu ni gunia. Lijazwe udongo na samadi, katikati isimamishwe nguzo ya kokoto toka chini hata juu ili maji yashuke sawasawa, na ubavuni yatobolewe matundu ya kupandia miche. Gunia moja la mchicha au sukuma wiki huhitaji nafasi ndogo kuliko kiti.

MBEGU NA MAVUNO

Bustani ya nyumbani si shamba la biashara. Shamba la biashara huvunwa siku moja; bustani ya nyumbani hutakiwa itoe kidogo kila siku. Kwa hiyo tusipande tuta zima siku moja. Nusu ipandwe leo, na nusu baada ya majuma 2.

Mchicha ndio wa kwanza. Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganywe na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja. Baada ya majuma 3 au 4, miche iliyosongamana ing'olewe na kuliwa. Ile iliyobaki ising'olewe, bali ikatwe kwa kisu, na shina liachwe na urefu wa kiganja. Litatoa matawi mapya, nanyi mtavuna tena na tena. Majani ya kunde nayo huwa tayari kwa muda kama huo. Matembele hupandwa kwa vipande vya mashina, nayo huvumilia kiu kuliko mboga nyingi nyingine. Sukuma wiki hukaa kitaluni kama mwezi mmoja kabla ya kuhamishwa. Ikikomaa, yachumwe majani ya chini tu, na yale ya juu yaachwe kileleni. Mche mmoja uliochumwa kwa adabu hiyo hulisha nyumba miezi mingi. Uliokatwa kichwa kwa pupa hulisha siku moja. Bamia sharti ichumwe kila siku ya pili, ingali laini, maana ikizeeka mti huacha kuzaa.

Ama nyanya, tuziheshimu. Tangu mwaka 2014 nchi yetu imeingiliwa na mdudu ambaye wakulima wamempa jina la kanitangaze, mwenye kuchimba majani na matunda ya nyanya hata shamba zima likaangamia. Anayeanza asiziweke nyanya kuwa tumaini lake lote. Apande miche michache, na kila jani lenye vijia vyeupe alichume na kulichoma moto.

HATARI TATU

Yatupasa sasa kusema waziwazi juu ya mambo yawezayo kuigeuza baraka ya bustani kuwa msiba.

Hatari ya kwanza ni kichocho, ugonjwa wa tangu zamani katika mwambao huu. Vijidudu vyake hutoka katika konokono wadogo wakaao ukingoni mwa maji, hupenya ngozi ya mtu hata kama hana jeraha, na baadaye huharibu matumbo na ini. Hutoka kwa wingi mchana, jua likiwa kali. Dawa ipo hospitalini, lakini aliyetibiwa huambukizwa tena akirudi majini. Kwa hiyo ndoo moja ichotwayo ziwani saa sita mchana na mtoto asiye na viatu yaweza kuwa na bei kubwa kuliko mboga yote ya tuta. Afadhali maji ya kisima au ya bomba. Ikiwa hapana budi kutumia maji ya ziwa, achote mtu mzima aliyevaa buti za mpira, na maji yakae katika pipa siku 2 kabla ya kuguswa. Vijidudu hivyo visipompata mtu hufa katika muda huo. Maji ya kusuuzia vyombo yasimwagwe bure: yafaa kwa shina la mpapai au mgomba.

Hatari ya pili ni kulima ufukoni penyewe, au kumwagilia kwa maji ya mifereji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 toka ukingo wa ziwa au mto kuwa eneo la kuhifadhiwa. Sheria hii yatulinda sisi wenyewe, kwa kuwa udongo uliolimwa ukingoni huchukuliwa na mvua ya kwanza, na samadi yetu huenda kulisha magugu maji. Nao mto Mirongo, upitao katikati ya mji wa Mwanza, hubeba uchafu wa mitaa. Maji kama hayo hayafai kumwagiwa majani yatakayoingia chunguni.

Hatari ya tatu ni dawa za pamba. Katika nchi ya pamba chupa ya dawa haikosekani nyumbani, na mkono huvutwa kuinyunyizia mboga vidukari vinapotokea. Tusifanye hivyo kamwe. Pamba hailiwi, na dawa yake haikupimwa kwa ajili ya jani litakalopikwa kesho. Vidukari vya matuta 3 huondolewa kwa vidole, au kwa maji yenye sabuni kidogo. Hii ni faida nyingine ya bustani ndogo: jicho hulifikia kila jani.

TOKA BUSTANINI HATA CHUNGUNI

Mboga yaweza kulimwa vema na kuharibiwa jikoni. Isichemshwe muda mrefu, wala maji yake yasimwagwe. Itiwe mafuta kidogo au karanga, kwa maana vitamini A iliyomo katika majani mabichi ya rangi nzito, ilindayo macho ya watoto, haipokelewi vema mwilini pasipo mafuta. Ikamuliwe ndimu, nayo itausaidia mwili kupata madini ya chuma yaongezayo damu. Mchicha uliopikwa na dagaa wa ziwa letu ni chakula ambacho tajiri hana sababu ya kukidharau.

Ikiwa majani yamezidi, tuwafuate bibi zetu wa Kisukuma, ambao hukausha majani, hasa ya kunde, na kuyaita nsansa. Yafaa yakaushwe kivulini penye upepo, kwa kuwa jua kali huyapunguzia nguvu yake. Vilevile mche mmoja au miwili iliyo bora iachwe izae mbegu za mwaka ujao.

Ndugu msomaji, haba na haba hujaza kibaba, na ndoo moja kila siku hujaza chungu. Jumamosi hii, kabla ya kwenda kutafuta mbegu, baba, mama na watoto wakae pamoja wahesabu ndoo zao. Zikitokea 2, msione haya. Limeni matuta 2, yashibisheni maji, na mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limetanda kila mahali, mtoto wenu atatumwa kuchuma mboga hatua chache tu toka mlangoni.