Magunia Matano ya Lumbesa: Kusaka Hitilafu kwa Macho, Hata Bila Bando

Mwanachuo mwenzangu, itazame programu hii fupi ya Python. Inasoma faili la mizani la chama cha msingi cha ushirika, tuseme kiko kata ya Kitahana, Kibondo, siku ya kupokea maharage. Namba ya kwanza kwenye faili ni kikomo cha uzito wa gunia. Namba zinazofuata ni uzito wa kila gunia lililopandishwa mizani. Programu inatakiwa kutoa vitu viwili: jumla ya kilo, na idadi ya magunia yaliyozidi kikomo, yaani lumbesa.

1  def ni_lumbesa(uzito, kikomo):
2      return uzito > kikomo
3
4  mistari = open("mizani.txt").read().split()
5  kikomo = mistari[0]
6  magunia = mistari[1:]
7  jumla = 0
8  lumbesa = 0
9  for uzito in magunia:
10     jumla = jumla + int(uzito)
11     if ni_lumbesa(uzito, kikomo):
12         lumbesa = lumbesa + 1
13 print(jumla, lumbesa)

Ndani ya faili kumeandikwa hivi: 100 98 104 87 100 112 95.

Ukiiendesha inajibu 596 5. Jumlisha mwenyewe kwa kalamu: kilo 596 ni sahihi kabisa. Lakini lumbesa tano zimetoka wapi? Yaliyozidi kilo 100 ni mawili tu, la 104 na la 112. Programu haikugoma, haikutoa maandishi mekundu, haikulalamika. Imedanganya kwa utulivu, tena imeuweka uongo wake pembeni ya jibu la kweli, na hilo ndilo linalokufanya uuamini.

Kwa aliyekulia Kasulu au Kibondo, hapa hatuzungumzii mchezo wa maabara. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na tangu zamani anayeumia kwa lumbesa ni mkulima: gunia linashonewa kilemba juu, linalipwa kama gunia moja. Sasa vyama vya ushirika vinaingia kwenye mifumo ya kidijitali, MUVU ukiwa mmojawapo, na kodi za mifumo ya namna hii zitaandikwa na watu kama sisi. Karani akiiamini karatasi ya programu yetu hapo juu, mama aliyeleta gunia la kilo 87 ataambiwa alifungue apunguze. Atabishana na nani? Na kompyuta?

Wengi wetu tukikutana na hali hii tunafanya moja kati ya mawili. La kwanza ni kuuliza mtandaoni au kumtupia roboti wa maswali msimbo mzima. Ni sawa kama una bando. Lakini likizo ya nyumbani haina WiFi ya chuo, bumu limekata tangu mwezi uliopita, na ukitoka mjini kidogo mtandao wenyewe unauwinda juu ya kichuguu. La pili ni kutupia print kila mahali. Hebu tujaribu. Kabla ya mstari wa 11 weka print(uzito, kikomo), uendeshe tena. Gunia la kwanza linatoka: 98 100. Unalitazama. Tisini na nane, mia moja. Hakuna ubaya. Unaanza kuishuku kompyuta, baadaye unajishuku mwenyewe, baadaye unalala.

Hapa ndipo dibaga yenye kiolesura cha picha inapolipa. Dibaga ni programu inayoendesha programu nyingine polepole, hatua kwa hatua, huku ikikuonyesha kilichomo kwenye kila kigeu, yaani kila kisanduku chenye jina kinachoshika thamani. Kiolesura cha picha maana yake huhitaji kukariri amri za kuchapa: unabofya, unatazama. Nitatumia Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Ni nyepesi, inakuja na Python yake ndani, na ikishasakinishwa haidai mtandao hata kidogo. Lapu ile ya kuazima, ya RAM kiduchu, inaiweza.

Fungua faili lako, kisha kwenye menyu ya View washa dirisha la Variables. Sasa bofya mara mbili juu ya namba 11, pembeni mwa mstari. Doa jekundu litatokea. Hilo ni kituo: programu ikifika hapo itasimama kama daladala, abiria wote wakiwa bado ndani. Bonyeza Ctrl na F5 kwa pamoja. Programu itakimbia mstari wa 4 mpaka wa 10 bila kukusumbua, halafu itasimama kituoni.

Usibonyeze kitu kingine kwanza. Tazama dirisha la vigeu. Utaona jumla ni 98. Halafu utaona uzito ni '98', na kikomo ni '100'.

Umeona zile alama za nukuu? Jumla hana, uzito anazo. Kwa Python, kitu chenye nukuu si namba, ni maandishi. Chochote kinachosomwa kutoka kwenye faili huja kama maandishi mpaka utakapokigeuza, na aliyeandika programu hii alikigeuza kwenye mstari wa 10 tu, pale alipotaka kujumlisha. Ndiyo maana jumla ni sahihi. Na print ilikuficha kwa sababu kazi ya print ni kumwonyesha mtumiaji maandishi masafi, kwa hiyo inazivua nukuu. Dirisha la vigeu linakuonyesha kitu kama programu yenyewe inavyokiona. Kwangu mimi tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu aijue dibaga kabla ya mwaka wa kwanza kuisha.

Tuendelee, maana bado hatujajua kwa nini 98 izidi 100. Bonyeza F7, kitufe cha kuingia ndani. Thonny haikupeleki mstari mzima kwa mkupuo. Inachukua kipande kimoja kimoja cha msimbo na kubandika thamani yake mahali pake mbele ya macho yako. Endelea na F7 hadi ufike kwenye fankisheni ni_lumbesa. Hapo kitafunguka kidirisha kipya, na vigeu vyake vya ndani vikiwa peke yao. Wale mliowahi kuchanganywa na somo la vigeu vya ndani na vya nje, mtalielewa hapo kwa dakika mbili kuliko kwa slaidi arobaini. Mbonyezo kidogo tena, na mstari wa 2 utageuka kuwa '98' > '100', kisha hesabu yote itafutika ibaki True.

Maandishi hulinganishwa kama majina kwenye orodha ya darasa. Bo huandikwa baada ya Abdulrahmani ingawa ana herufi mbili tu, kwa sababu herufi ya kwanza ndiyo inayoamua. Vivyo hivyo '98' huja baada ya '100', kwa kuwa 9 huja baada ya 1. Kwa mantiki hiyo 87 na 95 nazo "zimezidi" mia. Bonyeza F8 programu iendelee mpaka itakaposimama tena kituoni kwa gunia la pili, kisha la tatu, uhesabu mwenyewe: 98, 104, 87, 112, 95. Tano. Ni gunia la kilo 100 kamili peke yake lililopona, kwa kuwa maandishi yake yanafanana na ya kikomo.

Dawa yake ni kugeuza mapema, mlangoni, kabla kitu hakijatumika popote. Mstari wa 5 uwe kikomo = int(mistari[0]). Mstari wa 6 uwe magunia = [int(m) for m in mistari[1:]]. Mstari wa 10 ubaki jumla = jumla + uzito. Endesha: 596 2. Ukigeuza kikomo peke yake ukasahau magunia, programu itaanguka kwenye mstari wa 2 kwa kuwa Python 3 inakataa kupima ukubwa kati ya maandishi na namba. Na afadhali ianguke. Programu inayoanguka unaisikia.

F6, kitufe cha kupita juu, kinakamilisha mambo bila kukuingiza ndani. Kitumie pale unapoiamini fankisheni. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kubonyeza F7 kama wanacheza gemu, wakitumaini hitilafu itajitokeza yenyewe ijitambulishe. Haitajitokeza. Kabla ya kila mbonyezo jiulize: natarajia nini? Iandike pembeni kwa penseli. Kama ulichotarajia na kilichopo kwenye dirisha vinatofautiana, umefika. Kama havitofautiani, songa. Doa jekundu lenyewe halijui unatafuta nini.

Kuna wanaosema kiolesura cha picha ni uvivu, kwamba mwanafunzi wa kweli aanze na amri za kuchapa. Siafiki. Kiolesura ni ngozi tu, mashine iliyo chini ni ileile. Richard Stallman alitoa GDB mwaka 1986, na kazi yake yote ilikuwa kwa amri. Miaka ya 1990, kule Braunschweig, Ujerumani, Dorothea Lütkehaus na Andreas Zeller wakaivisha ngozi inayoitwa DDD, iliyokuwa inachora visanduku na mishale ya data. Hata leo ukiandika C ukatumia VS Code kwenye Linux, nyuma ya vile vitufe vya rangi kwa kawaida ni GDB ndiyo inayofanya kazi. Kitu kinachoitwa kituo ni kilekile, kuingia ni kulekule, kutoka ni kulekule. Ukishaelewa kwa macho, kujifunza amri baadaye ni kujifunza majina tu. (Hadithi ya nondo aliyekutwa ndani ya kompyuta ya Harvard mwaka 1947 nimeiruka makusudi. Mtaipata kwenye kila kitabu.)

Ukishakua kidogo, hamia VS Code, ila usisubiri ufike nyumbani. Kiendelezi chake cha Python hupakuliwa mtandaoni, kwa hiyo kipakue ukiwa bado maabara ya chuo. Vitufe vinabadilika: F9 inaweka kituo, F5 inaendesha, F10 inapita juu, F11 inaingia ndani. Kitakachokufurahisha zaidi ni kituo chenye sharti. Fikiria faili lina magunia 600 na malalamiko ni ya gunia moja. Huwezi kusimama mara 600. Bofya kulia kwenye doa jekundu, hariri sharti, uandike uzito == "87". Programu itapita magunia yote bila kusimama, itasimama kwa lile la mama yetu tu. Kuna pia dirisha la mlundiko wa miito, linaloonyesha nani kamwita nani mpaka tukafika hapa. Kwa programu yetu ya mistari 13 halina kazi kubwa, ila kwenye projekti ya mwaka wa tatu yenye mafaili ishirini ndilo la kwanza kutazamwa.

Na umeme ukikatika? Chukua daftari. Chora safu wima nne: uzito, kikomo, jumla, lumbesa. Kila mzunguko wa for ni mstari mmoja. Maandishi yaandike na nukuu zake, namba uziache bila nukuu, usidanganye. Hilo ndilo dirisha la vigeu, limechorwa kwa mkono. Na kwenye UE unapopewa msimbo ukaambiwa "andika kitakachotoka," ni kitu hichohicho wanachokutaka ukifanye, wala hakuna dibaga kwenye chumba cha mtihani. Aliyezoea kuliangalia dirisha hulichora kwa urahisi. Aliyezoea kudesa hujibu 596 2 kwa sababu ndivyo ilivyopaswa kuwa, na anakwenda sapu akijiona kaonewa.

Zoezi la kufanya wiki hii, wawili wawili, kompyuta moja inatosha. Chukua programu iliyosahihishwa, ongeza kwenye faili gunia la 99.5, uendeshe. Itaanguka mstari wa 6, maana int haikubali maandishi yenye nukta ya desimali. Mmoja wenu atasema mara moja: tumia int(float(m)). Fanyeni hivyo, kisha badilisheni 99.5 iwe 100.4, wekeni kituo kwenye mstari wa 11, mtazame dirisha la vigeu gunia hilo likifika. Litaonyesha 100, nukta nne zimekatwa, na programu itasema si lumbesa. Mkitumia float peke yake litabaki 100.4, na programu itasema ni lumbesa. Njia zote mbili zinaendeshwa bila kosa. Ipi ni sahihi, hiyo dibaga haiwezi kuwaambia. Kamuulizeni anayepima mizani.