Bunju Haliwi: Mambo ya Kufanya na ya Kutofanya

Usile bunju. Usimkaange, usimuuze, usimgawie jirani wala paka. Akinaswa nyavuni Likoni au Kisauni, Mombasa, mrudishe baharini papo hapo, kabla watoto wa ufuoni hawajamfanya mpira kwa lile tumbo lililovimba.

Usitegemee moto. Sumu yake, tetrodotoksini, haivunjwi na mafuta ya mama karanga akaangaye samaki, wala ndimu, chumvi au jua. Hujaa zaidi kwenye maini, mayai na ngozi, na kwa aina nyingine mpaka minofu. Usiniambie unajua kupasua. Japani wapishi wa bunju wana leseni, na bado wapo waliokufa kwa kumtengeneza wenyewe nyumbani.

Jua sumu inakamata wapi, maana masharti yanayofuata yanatoka hapo. Seli ya neva iliyotulia ina umeme: ndani ya utando wake ni hasi, yapata milivolti 70 chini ya nje. Pampu za utando hutoa ioni 3 za sodiamu kila ziingizapo 2 za potasiamu; potasiamu kidogo huvuja kurudi nje, na ndani hubaki hasi. Neva ikichochewa, milango ya sodiamu hufunguka kwa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, sodiamu humiminika ndani, hasi hugeuka chanya, na msukumo hukimbia hadi kwenye msuli. Wanasayansi Hodgkin na Huxley walilieleza hili mwaka 1952 kwa neva nene ya ngisi, kiumbe ambaye sisi tunamkaanga tu bila hata kumshukuru. Mwaka 1964 Narahashi na wenzake walionyesha kwamba tetrodotoksini huziba milango ya sodiamu na kuiacha ya potasiamu. Umeme upo, pampu zinafanya kazi, ila amri haifiki kwenye misuli ya kupumua. Bunju mwenyewe hadhuriki: milango yake ina umbo ambalo sumu haishiki.

Usingoje kuona itakuwaje. Midomo na ulimi vikifa ganzi baada ya kula samaki, ondoka. Ukiwa Likoni, anzia hospitali ya karibu. Usiupoteze muda wa pumzi kwenye foleni ya feri ukitaka kufika Hospitali Kuu ya Pwani. Taja samaki aliyeliwa, na mabaki yake yatie koponi uende nayo.

Usimnyweshe mgonjwa maziwa, mafuta wala maji ya makaa. Koo lililolegea litayapeleka mapafuni. Dawa ya kuifuta sumu hii haipo. Mgonjwa husaidiwa kupumua, kwa mashine ikibidi, mpaka mwili uitoe. Akivuka saa 24, matumaini ni makubwa.

Akiacha kupumua njiani, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila sekunde 5 hadi 6. Usiache mpaka umkabidhi kwa muuguzi.

Usimfunike shuka kwa sababu hajibu na mboni za macho hazisogei. Sumu hii haipenyi ubongoni kirahisi, huenda anawasikia. Basi msijadili mazishi kitandani pake. Mwiteni kwa jina lake, mwambieni mko naye, na endeleeni kupuliza.