Okidi yangu inaoza mizizi

SWALI: Nilinunua okidi mjini Nakuru, nikaipanda kwa udongo wa shamba. Sasa majani yanageuka manjano na mizizi inaoza. Nifanyeje? – Msomaji, Olenguruone

JIBU: Pole, dada. Okidi nyingi za madukani ni Phalaenopsis, mmea ambao kwao huota juu ya miti, mizizi ikiwa hewani. Udongo umeinyima hewa. Ing'oe, kata mizizi iliyolainika kwa kisu safi, kisha ipande upya kwa vipande vya magome ya msonobari na mkaa, katika chungu chenye matundu.

Mizizi itakwambia kiu yake: ikiwa na rangi ya fedha, mwagilia, ikiwa kijani, ngoja. Mwagilia asubuhi kwa maji ya mvua, yasituame katikati ya majani.

Baridi ya Olenguruone ni adui mwingine. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 15, mmea huu huumia; uweke ndani, karibu na dirisha lenye mwanga usio mkali.

Ukitaka inayozoea baridi, tafuta Aerangis thomsonii, okidi ya milima yetu, yenye maua meupe yanayonukia jioni. Nunua kwa mkuzaji mwenye kibali. Tafadhali usibandue zilizoko msitu wa Mau. Tuziache ziendelee kuzaana.